Shamba la kasisi wa Uingereza lilikuwa la nani?

Kwa karne nyingi kasisi wa kijijini Uingereza hakupokea mshahara wa mwezi. Aliishi kwa fungu la kumi la mavuno ya waumini na kwa shamba la parokia, lile ambalo ramani za huko bado zinalitaja kwa jina la Glebe. Nyaraka za mashamba hayo ndizo kazi yangu.

Ardhi hiyo ilifuata cheo. Kasisi aliilima mwenyewe au akaikodisha, akala mazao au kodi, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiuza apendavyo wala kuwarithisha wanawe. Anayejua wakfu wa msikiti pale Mombasa au Unguja ataelewa upesi. Wajibu nao ulifuata cheo: kasisi akiiacha nyumba ya parokia ikiwa mbovu, aliyeshika nafasi yake aliweza kumdai gharama za matengenezo. Akiwa amekufa, deni liliangukia mirathi yake, na mara nyingi mjane ndiye aliyebanwa.

Ninachokipenda zaidi ni orodha zenyewe. Kanuni za Kanisa za 1604 ziliagiza watu waaminifu wa kila parokia, kasisi akiwemo, waikague ardhi na kuiandika, kisha orodha itunzwe kwa askofu. Mashamba ya wazi hayakuwa na ua, na vipande vya kasisi vilitawanyika katikati ya vya wanakijiji, kwa hiyo mpaka ulitajwa kwa majirani: kaskazini fulani, kusini mjane fulani, mwisho wake njia ya kinuni. Ukisoma orodha moja umekijua kijiji kizima. Nyingine zinataja hadi vyumba vya nyumba ya kasisi, ghala lake, na mayai aliyostahili kupewa wakati wa Pasaka.

Tatizo lilikuwa mgao. Parokia moja ilikuwa na ardhi tele, ya jirani ikawa na kijishamba tu, na makasisi wake wakaishi kwa dhiki. Mwaka 1704 Malkia Anne alianzisha mfuko wa kuwasaidia makasisi maskini, na sehemu ya fedha zake ilinunua ardhi zaidi. Pengo halikuzibika. Sheria ya Kanisa ya 1976 ndiyo iliyokata shauri: tarehe 1 Aprili 1978 mashamba yote hayo yalihamia kwa bodi za fedha za dayosisi, mapato yakawa ya kuwalipa makasisi wa dayosisi nzima. Parokia zilizokuwa na ardhi nyingi zilipoteza, lakini naona ilikuwa haki.