Bonde la Ufa kwa Pikipiki ya Stima: Hesabu Huanzia Njia ya Kurudi

Kwingine duniani, mtu akienda kutalii milimani huanzia chini akamalizia juu. Sisi wa Nairobi tunaishi juu tayari. Jiji limekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mandhari ambayo wageni wangu huja kuitafuta iko nyuma ya vilima vya Ngong, pale ardhi inapoporomoka kuingia Bonde la Ufa. Kwa hiyo raha inatangulia, kazi inafuata: asubuhi unateremka, alasiri unapanda. Mwenye pikipiki ya petroli hana haja ya kuliwazia hilo, maana vituo vya mafuta vipo njiani. Kwa pikipiki ya stima ndilo jambo lenyewe, na mimi huwa nimeshalipiga hesabu kabla mgeni hajavaa helmeti.

Naongoza misafara midogo ya pikipiki za stima, na kabla ya kazi hii nilikuwa fundi wa mota na betri. Swali linalokuja mbele ya mengine yote ni hili: "Hii kitu kweli itapanda?" Itapanda. Mota ya stima haivuti hewa, kwa hiyo haijali kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini ya petroli yenye kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ndiyo maana bodaboda iliyobeba abiria wawili hulia vile kwenye kilima cha Ngong. Ya stima hutoa nguvu ileile Mombasa na ileile Limuru. La kujiuliza ni ikishapanda itabakiwa na nini.

Tupige hesabu kwa uniti, zilezile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Roam Air, pikipiki iliyobuniwa hapa Nairobi, hubeba betri ya uniti 3.24, na unaweza kuifunga ya pili. Chukua pikipiki, mwendeshaji na mkoba wake, jumla kama kilo 230. Kuuinua mzigo huo mita 1,000 juu kunahitaji kama uniti 0.63. Ongeza kinachopotea kama joto kwenye mota, kontrola (kifaa kinachogawia mota nguvu) na nyaya, utafika karibu uniti 0.8. Yaani robo ya betri moja inakupandisha kilomita nzima kwenda juu. Watu wengi hudhani ni zaidi ya hapo. Ukibeba mtu nyuma, iweke theluthi.

Mlaji mkubwa wa chaji ni upepo, nao hauonekani kwenye ramani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami tambarare, pikipiki ya aina hii hula kama wati-saa 30 kwa kila kilomita (uniti moja ni wati-saa 1,000). Ifikishe 80 na matumizi yanakaribia mara mbili, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Barabara ya Magadi, ile inayotuteremsha bondeni, nayo ina ujanja wake. Pepo za huku hutoka upande wa mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Unapoteremka kuelekea kusini-magharibi zinakusukuma mgongoni, unajiona dereva hodari. Ukigeuza kurudi Nairobi zinakukabili usoni, na mlima uko papo hapo. Mgeni akiniambia saa nne asubuhi kwamba "betri hii haiishi," humjibu tu kwamba tutaongea saa tisa.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Karen, Ngong, Kiserian, Kona Baridi, kisha chini hadi Olorgesailie. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 65. Kwenda hula karibu uniti moja na nusu hadi mbili, kurudi inakaribia tatu. Jumlisha uone: betri moja haitoshi, hata mtu akuapie vipi. Kwa hiyo nabeba betri za pili. Kila moja ina uzito wa kama kilo 20, na hizo nazo lazima zipandishwe mlima, basi naziweka kwenye gari la nyuma iwapo msafara ni mkubwa, au tunazifunga kwenye pikipiki iwapo tuko watatu.

Kona Baridi ndipo safari inapoanza kweli. Kufika hapo umepita matatu za Kiserian, matuta yasiyopakwa rangi na ng'ombe wa mnadani. Ghafla kilima kinakatika na mbele yako hakuna kitu, ni bonde tu hadi macho yanapochoka. Mlima Olorgesailie uko kusini, Suswa upande wa kaskazini-magharibi, na siku ambayo vumbi limetulia unaona mgongo wa Nguruman ng'ambo ya pili. Baridi hapo ni ya kweli, lakini ukishateremka kwa nusu saa utataka kuvua koti. Huwa nawasimamisha watu hapo, na si kwa ajili ya picha peke yake. Nataka kusikia breki zao.

Pikipiki ya stima haina gia ya kuishikilia kwenye mteremko. Aliyezoea petroli huingia mteremkoni akitegemea kushusha gia, anatafuta kwa mguu asipate kitu. Badala yake, pikipiki nyingi za stima huigeuza mota kuwa jenereta ukiachia aksileta: inavuta mwendo nyuma na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Kidogo, nasisitiza. Usidanganywe kwamba utateremka Magadi ukajaza betri. Katika nguvu zote zilizomo kwenye mteremko, upepo na magurudumu huchukua fungu lao kwanza, halafu mota nayo ina upotevu wake. Thamani ya kitu hiki iko kwenye breki kuliko kwenye chaji, kwa kuwa pedi hazipati moto na mkono hauchoki.

Ila kuna sharti ambalo wauzaji hawalitaji sana. Betri ikijaa pomoni haina pa kuweka chaji inayorudi, kwa hiyo mfumo wake wa ulinzi huikataa, na ule mvuto uliouzoea mjini unapungua au unatoweka kabisa, pengine ukiwa katikati ya kona. Ndiyo sababu sibadilishi betri Kona Baridi, ingawa mahali penyewe panafaa. Kile kipande cha kupanda kutoka jijini kinatumia chaji ya kutosha kuacha nafasi. Anayelala hoteli ya juu milimani, akachaji usiku kucha na kuanza safari kwa kuteremka, aiache betri kwenye asilimia 85 hivi.

Olepolos, mkahawa wa njiani, tunapita. Nyama choma yake ina sifa zake, lakini mtu aliyeshiba mbuzi saa nne asubuhi si mwendeshaji tena. Tutakula tukirudi.

Chini ya hapo magari hupungua, na ndipo faida ya stima inapojionyesha. Hakuna mlio, ni sauti ya mnyororo na tairi tu. Unasikia kengele za mbuzi kabla hujawaona, unamsikia mchungaji akipiga mluzi. Twiga na pundamilia hutokea kando ya barabara hii, nao hawashtuki kama wanavyoshtushwa na ekzosi. Wanainua vichwa, wanaangalia, wanaendelea kula. Mimi huongea na wageni bila kupaza sauti tukiwa katika mwendo wa pole. Ng'ombe ndio shida. Ng'ombe wa barabarani amejifunza kusogea akisikia injini, na wewe hasikii unakuja. Watoto wa shule ni vivyo hivyo. Basi kila mara tunapokaribia mifugo au watu, kiongozi hupiga honi mapema, akiwa mbali, halafu msafara mzima unapunguza mwendo. Kupiga honi ukiwa mita tano nyuma ya fahali ni kutafuta balaa.

Olorgesailie ni makumbusho yaliyo wazi chini ya jua. Mary na Louis Leakey walipafanyia kazi kuanzia mwaka 1942, na mashoka ya mawe yaliyookotwa hapo, mengine yenye umri unaokaribia miaka milioni moja, yameachwa mengi palepale yalipolala. Unapita juu yake kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa. Sitasimulia zaidi, waelekezi wa pale wanajua kuliko mimi. Langu huwa ni kuegesha pikipiki kivulini. Chini huku ni karibu mita 1,000 tu kutoka usawa wa bahari, na joto la adhuhuri si la mchezo kwa betri. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto huachwa ipoe kwanza ndipo ichajiwe au ifungwe tena. Chaja ya kawaida ya wati 800 hivi hula stima kidogo kuliko pasi ya umeme, kwa hiyo soketi yoyote inaifaa, lakini itachukua zaidi ya saa nne kujaza. Hakuna mgeni wa kungoja hivyo jangwani. Tunafunga betri ya pili, tunaanza kupanda.

Kwenye mpando, mambo mawili hutisha watu bure na moja huwa hawaliogopi inavyostahili. La kwanza ni geji. Ukivuta nguvu nyingi, volti za betri hushuka kwa muda, na geji za bei nafuu husoma volti. Utaona asilimia 60 zimekuwa 45 ndani ya dakika, ukifika tambarare zinarudi 57. Isome ukiwa umetulia, si ukiwa kwenye kilima. La pili ni pikipiki kupunguza nguvu yenyewe. Haijaharibika, kontrola imeona joto limezidi na inajilinda. Simama dakika kumi, tazama bonde.

Wanalopuuza ni kwenda polepole mno. Mgeni mwoga hupanda kwa kilomita 15 kwa saa akidhani anaihurumia mota, kumbe mota inayozunguka taratibu huku ikibeba mzigo mkubwa huvuta mkondo mwingi na kugeuza sehemu kubwa kuwa joto. Kwenye mpando mkali mwendo wa wastani usiobadilika, 35 hadi 45, ndio unaoitunza. Mota iliyo ndani ya gurudumu huathirika zaidi. Kwa milima mimi huchagua yenye mota ya katikati na mnyororo. Anayekodisha akikuambia zote ni sawa, hajapanda nazo.

Kuhusu mpangilio: mwendeshaji dhaifu huwa nyuma yangu moja kwa moja, hodari katikati, na mwenzangu fundi mwisho kabisa. Wapo viongozi wanaomweka dhaifu mwisho ili asicheleweshe wengine. Huko ndiko kumpoteza.

Wengine huniomba tupande vilima vya Ngong vyenyewe, hadi kilele chake cha mita 2,460. Pikipiki tunaziacha langoni mwa msitu, tunalipa kiingilio cha Huduma ya Misitu na kutembea na askari. Juu kule ndiko ilipo mitambo ya upepo ya KenGen, megawati 25.5 kwa jumla. Fundi hawezi kujizuia: upepo ukivuma vizuri, saa moja ya mitambo hiyo ingejaza zaidi ya betri 7,000 kama zetu.

Limuru napapendekeza kwa mwenye nusu siku. Unapita Banana na Tigoni katikati ya majani chai, zao lililopandwa Kenya kwa mara ya kwanza hukohuko Limuru mwaka 1903, na betri moja inatosha kwenda na kurudi. Mwezi wa Julai ukungu ni mzito na betri hupungua nguvu kidogo kwa baridi, basi ondoka saa tatu. Kutoka hapo wengi hutamani kuteremka Mai Mahiu hadi kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942. Mandhari ya Mlima Longonot kutoka ukingoni haina mpinzani. Lakini barabara ile ni nyembamba, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, magari yanayapita kwenye kona, na mtalii asiyejua tabia za madereva wetu hana kazi pale juu ya magurudumu mawili. Simpeleki. Tunatazamia juu, tunarudi.

Stima yenyewe si gharama kubwa. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na nusu yake saa za usiku, kabla ya kodi na tozo, kwa hiyo mimi huchaji usiku. Pesa unazolipa ni za betri za ziada, bima, leseni ya mwongoza watalii na fundi wa nyuma. Anayekutoza kidogo sana ameacha kimojawapo, na uwezekano mkubwa ni betri ya pili. Muulize imebebwa wapi. Muulize pia tunarudi na asilimia ngapi. Asiyekuwa na jibu hajapiga hesabu. Mimi sipangi safari ya kufika nyumbani chini ya 20.

Machi hadi Mei sichukui Magadi, maana mvua ikinyesha juu, mito mikavu ya chini hujaa ghafla. Miezi mingine nipigie siku mbili kabla. Njoo na koti zito, glavu na viatu vinavyofunika kifundo. Helmeti na jaketi la kung'aa ninavyo. Na nikikuuliza kilo zako kwenye simu, niambie za kweli, kwa sababu betri mpya zaidi humwendea aliye mzito zaidi.