Kipimo kimesema huna malaria, mseto wa nini? Maswali na majibu kuhusu homa kali

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa wodini na kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Majibu mengine yatajirudia. Yamerudiwa makusudi, maana tabia inayoyaleta nayo haichoki.

Homa ni nini hasa?

Ni joto la mwili kufika nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani. Ikiwa imeanza siku chache zilizopita, tunaiita homa ya ghafla. Ni dalili tu. Inakuambia kuna kitu mwilini, haikuambii ni kitu gani, na kiganja cha jirani kwenye paji la uso hakiwezi kukuambia pia.

Lakini huku kwetu, homa si ndiyo malaria?

Hapana. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria walipopokelewa. Vipimo vilipofanywa kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na wanne, katika watu 870! Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria kwenye damu. Wengine walikutwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na wengi tu walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama: homa za kupe, homa ya mgunda, brusela.

Najua utasema Moshi kuna baridi na mbu ni wachache. Ni kweli, na mtu wa Kigoma, Geita au Mtwara asizichukue namba hizo kuwa zake. Huko malaria bado ipo nyingi na bado inaua. Lakini utafiti mwingine uliochapishwa 2014 uliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ambako mbu hawana shida, na malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja tu kati ya kumi hivi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya hayo yalitokana na virusi.

Kipimo kimeonyesha sina malaria. Nimeze mseto, ile dawa ya malaria, kwa tahadhari tu?

Hapana.

Lakini daktari, huenda malaria imejificha.

Hapana, ndugu yangu. Mwenye malaria iliyomlaza kitandani, mara nyingi sana vimelea vyake huonekana, kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini. Ikitokea homa inaendelea na tuna wasiwasi, tunarudia kipimo. Tunarudia kipimo, haturudii vidonge. Shirika la Afya Duniani limeelekeza tangu 2010 kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Mseto utanidhuru nini?

Wenyewe hauna madhara makubwa kwa watu wengi. Kinachokudhuru ni siku tatu unazokaa nyumbani ukingoja ufanye kazi. Nimonia haijui mseto. Bakteria walio kwenye damu hawaujui. Homa ya uti wa mgongo haiujui.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kuhusu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Chini ya nusu ndio walioonekana na vimelea. Sasa angalia waliofariki: kati ya wenye vimelea, karibu 7 katika kila 100, kati ya wasio na vimelea, 12 katika kila 100. Wale ambao “malaria yao haikuonekana” ndio waliokufa zaidi, kwa sababu walikuwa na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kipimo kikisema huna malaria, hiyo si ruhusa ya kurudi nyumbani kupumua. Ni sababu ya kuuliza: basi ni nini?

Basi ni taifodi?

Nilijua litafuata. Siku hizi malaria na taifodi zinaandikwa pamoja kwenye kikaratasi kama mtu na pacha wake, na wagonjwa wanazitaja kwa fahari. Taifodi ipo, ni ugonjwa mzito, na inaweza kutoboa utumbo. Ila kile kipimo cha damu cha dakika chache, Widal, hakitoshi kuithibitisha. Kinatafuta askari wa mwili, na askari hao hubaki muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani. Wakati mwingine huamshwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ni kuona kovu ukadhani ni kidonda. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, na damu hiyo ichukuliwe kabla hujaanza antibayotiki. Ukishakunywa siprofloksasini ya dukani siku mbili, bakteria wanaweza kukataa kuota, nasi tunabaki kubahatisha.

Wodini mnakuta nini zaidi?

Kwa watoto: malaria kule iliko nyingi, nimonia, kuharisha kwa maambukizi, bakteria kwenye damu, na mkojo mchafu ambao wazazi wengi hawaufikirii kwa sababu mtoto hajui kusema anaungua. Kwa watu wazima: nimonia, figo na mkojo, kifua kikuu, uti wa mgongo. Kwa anayeishi na VVU bila kujua, homa na kichwa kuuma wiki nzima vinaweza kuwa fangasi kwenye utando wa ubongo. Ndiyo maana unapokuja na homa tunakuomba upime VVU. Usikasirike, hatukutukani.

Halafu kuna dengi, nayo ni homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Dar es Salaam iliiona vizuri 2014 na tena 2019. Na kuna homa ya mgunda, ambayo wengi waliisikia kwa mara ya kwanza Julai 2022, ilipotangazwa kuwa ndiyo iliyowapata watu 20 wilayani Ruangwa, Lindi, wakatokwa damu puani na watatu wakafariki. Huambukizwa kwa maji au udongo wenye mkojo wa wanyama, hasa panya. Inatibika kwa antibayotiki za kawaida kabisa, mradi mtu afike mapema na aseme alikuwa wapi. Kama unalima mpunga, unachunga, unachinja, umezalisha ng'ombe au unakunywa maziwa mabichi, tuambie hata usipoulizwa.

Nikiwa na homa na viungo vinauma, nichomwe sindano ya diklofenaki dukani?

Tafadhali usifanye hivyo. Kama ni dengi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza kutokwa damu. Kama umeishiwa maji mwilini, diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza figo. Tumia parasetamo: mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mtoto apewe kwa uzito wake. Nayo inashusha joto tu, haitibu. Wengi hudanganywa na nafuu ya saa nne.

Mtoto akipata degedege, si nimpeleke kwanza kwa mganga, sindano isije ikamuua?

Hapana, mama. Hapana, bibi. Hapana, shangazi uliyesafiri kuja kushauri. Degedege la homa linaweza kuwa malaria ya ubongo au uti wa mgongo, na hapo kila saa ina thamani. Kinachoua ni kufukizwa moshi wa mavi ya tembo usiku kucha, kisha kuletwa asubuhi mtoto keshapoteza fahamu. Halafu akifia mikononi mwetu baada ya sindano, inasemekana sindano imemuua. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, njoo. Mengine tutayazungumza akiwa hai.

Nilichomwa sindano za malaria, homa ikaisha. Vidonge niviache?

Usiviache. Sindano za artesuneti hufuatwa na mseto kamili: siku tatu, dozi sita, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, umeze pamoja na chakula. Ukiishia kwenye sindano malaria inaweza kurudi.

Nikipatwa na homa nisubiri siku ngapi?

Usisubiri. Ukapime siku hiyo hiyo au kesho yake.

Hata siku mbili tatu nijiangalie?

Hapana! Wagonjwa wanaotusumbua roho ni wa siku ya tano na ya sita, wenye mfuko uliojaa maganda ya dawa: mseto, siprofloksasini, ampiklosi nusu, diklofenaki, na chupa ya mwarobaini. Wanafika wakihema, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nasi tunaanza kuhangaika na vitu vitano kwa pamoja.

Na kuna wasiopaswa kungoja hata kupambazuke: mtoto chini ya miezi miwili, mwenye sikoseli, mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na yeyote mwenye homa anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, aliyechanganyikiwa, anayetokwa damu, mwenye shingo iliyokakamaa, macho ya njano, au mtoto anayeshindwa kunyonya.

Nikija hospitali nije na nini?

Hayo maganda, yote. Na jina la kila ulichokunywa, pamoja na mitishamba, na siku uliyoanza. Watu huyaficha wakiogopa kugombezwa. Tutagomba kidogo, sikatai, lakini usipotuambia tunaweza kukuongezea dawa ile ile juu ya ile uliyomeza asubuhi. Kama unahudhuria kliniki ya sukari, presha, sikoseli au VVU, njoo na kadi yake. Na anayekusindikiza awe mtu aliyekuona tangu homa ilipoanza, si jirani mwenye gari tu.