Je, wajua kwa nini mswada mzuri wa kitabu hurudishwa?

Mshairi wa Kisauni, Mombasa, ana mashairi mia mbili. Vina na mizani vimekaa sawasawa, na akighani harusini watu humtuza. Akipeleka diwani yake Nairobi, waliko wengi wa wachapishaji wakubwa wa Kenya, anaweza kujibiwa kwa mistari mitatu: asante, haitufai kwa sasa. Na huenda mashairi hayana kasoro yoyote.

Mchapishaji halisi ndiye anayetoa pesa: za mhariri, za mchoraji wa jalada, za kiwanda na za ghala. Ndiyo maana humuuliza mhariri wake nani atakinunua kitabu, na nchini Kenya mnunuzi mkubwa ni shule. Vitabu vya kiada huidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD, na tangu 2018 serikali huvinunua moja kwa moja kwa wachapishaji. Kampuni inayoishi kwa soko hilo itapokea haraka hadithi ya watoto wa gredi ya nne kuliko diwani nene, hata iwe tamu vipi.

Urefu nao una hesabu yake, na hapa waandishi wengi hawafikirii. Mara nyingi kiwandani hupigwa chapa kurasa nane kila upande wa karatasi moja kubwa, kisha karatasi hiyo hukunjwa ikawa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 96 ni karatasi sita kamili. Kikifika 98, kurasa mbili tu zinadai karatasi nyingine, ama nusu yake. Ndiyo maana vitabu vya watoto vyenye picha huwa na kurasa 24 au 32. Mwandishi anayesema “hadithi yangu haipunguzwi hata neno” anamtia mhariri kwenye gharama asiyoiona.

Kabla ya kutuma, ingia duka la vitabu pale mjini, shika vitatu vinavyofanana na chako, ufungue nyuma ya ukurasa wa jina. Utaona mchapishaji, anwani na mwaka. Ikiwa toleo jipya kabisa ni la miaka kumi iliyopita, achana naye. Kisha fuata masharti yake: akitaka muhtasari na sura tatu, usimpelekee zote. Kungoja miezi ni kawaida, kwa hiyo usianze kumpigia simu wiki ya pili.

Anayekuomba wewe pesa ndipo achape ni mpiga chapa. Si dhambi, ila mjue hivyo, na ukijichapishia mwenyewe, namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS.

Ukikubaliwa, usome mkataba mstari kwa mstari. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ni asilimia ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 400: kwa bei ya dukani utapata 40. Lakini duka likikatiwa asilimia 30, mchapishaji hupokea 280, na asilimia 10 ya hizo ni shilingi 28. Kwenye nakala elfu moja, tofauti ni shilingi 12,000. Halafu angalia kama unauza haki zote kwa malipo ya mara moja. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wajukuu zako nao wamo kwenye karatasi hiyo.