Kaskazi Haiui Kuku Wako

Simu iliniamsha alfajiri, kutoka Mwakirunge, huku Mombasa. "Daktari, upepo umeshaingia. Kuku saba wamelala." Mimi si daktari, natibu tu mifugo mitaani, lakini hilo la jina nilishachoka kulisahihisha. La upepo kuua kuku ndilo sijachoka nalo, na leo nalisema kwa mara ya mwisho. Mpaka Januari ijayo.

Kaskazi, huu upepo wa msimu, haiui kuku. Kaskazi huleta joto, zamani ilileta majahazi, na papa hukauka vizuri. Kinacholaza kuku saba usiku mmoja, mara nyingi ni kideri, ambacho wengine mwakiita mdondo. Hicho ni kirusi, na kirusi hakina miguu. Hudandia yetu.

Nilipofika nilimkuta jimbi mwekundu chini ya mwembe, shingo imepinda hata kichwa chatazama mkia, bawa moja laburura mchangani. Kinyesi kijani kama mchicha uliopondwa.

"Bi mkubwa, umeingiza kuku mgeni hapa?"

"Hata mmoja."

Tukanywa chai. Kikombe cha pili ndipo akakumbuka mitetea miwili ya bei nafuu aliyoletewa na shemejiye wiki iliyopita. "Lakini hao walikuwa wazima, wallahi." Ndiyo, walionekana wazima. Kideri huweza kukaa mwilini siku 2 hata 15 kabla hakijajitokeza. Kuku wa bei nafuu msimu huu hunitia hofu: mwenye banda akiona mmoja amesinzia, huwauza wote kabla jua halijapanda. Kwa hivyo kwa kuona kwangu ugonjwa husafiri ndani ya tenga, na lawama ikabebwa na upepo.

Joto nalo lina kesi yake, ndogo. Kuku hatoki jasho, na mwili wake ni kama nyuzi 41 hata akiwa mzima, basi adhuhuri hutweta mdomo wazi na mabawa ameyaachanisha. Mpe kivuli na maji ya mtungi. Akirudi kuchakura, lilikuwa joto. Viroboto waliogandama kando ya macho, wapake mafuta mazito ya kujipaka, wakose hewa. Vifaranga wafunike, kunguru hawalali. Dawa ya kunguru sina.

Sasa njoo kwenye linaloniudhi hasa. Nikisema chanjo, mtu husikia dawa. Kuku wameshaanza kulala, ndipo akimbilie duka la dawa za mifugo: "Nipe ile ya jicho." Anadondosha jioni, kesho wamekufa kumi, keshokutwa mtaa mzima wajua kuwa chanjo yaua. Chanjo haikuua mtu wala kuku! Wale kumi walikuwa wameshaambukizwa, na mwili wahitaji wiki moja hata mbili kujenga kinga. Kirusi hakikungoja. Tena mwenyewe alimshika mgonjwa, kisha mzima, kwa mikono ile ile. Umepeleka ugonjwa nyumba kwa nyumba, halafu wanilaumu mimi? Ule unga wa antibiotiki nao hauui kirusi. Pilipili na shubiri vivyo hivyo, ila hivyo angalau havikumalizi pesa.

Chanjo hupewa kuku mzima, anayekukimbia. Hii ya tone la jicho, iitwayo I-2, hustahimili joto kuliko za zamani, lakini kustahimili si kuachwa juu ya dashibodi ya matatu tangu Likoni. Izungushie kitambaa kibichi. Tone moja, jicho moja, ngoja apepese, kisha mwachie. Wako wanaosema kila miezi 4, mimi hushika 3. Ukitumia ya kutia kwenye maji ya kunywa, usichote ya mfereji: klorini itaimaliza chanjo kabla kuku hajainamisha kichwa.

Na nikiri. Kwa macho tu siwezi kuapa kuwa ni kideri. Kipindupindu cha kuku na mafua ya ndege navyo hulaza kundi zima, na hakika hutoka maabara, ambako sampuli za mtaani hufika kwa nadra. Mimi nilitazama shingo iliyopinda na ile tenga, nikasema. Pia nimewahi kuona kundi nililolichanja mwenyewe likapukutika. Usiku ule wa kuchanja kuku wanne walikuwa juu ya mti, nami sikupanda kuwachanja.

Waliokufa tuliwafukia shimo refu. Juu ya jimbi tulibishana nusu saa, maana bi mkubwa alitaka kumchinja "kabla hajaharibika", na manyoya yatupwe jaani. Akanikubalia, kwa shingo upande kama ya jimbi mwenyewe. Nikiwa nanawa mikono simu yake ikalia. Shemejiye. Ana mitetea mingine mitatu, na safari hii bei imeshuka zaidi.