Kabla hujajaza fomu ya uzamili wa usalama wa mtandao, tafuta swali

Dirisha la udahili likifunguliwa, ofisi za masomo ya uzamili katika vyuo vya Dodoma hupata wageni wa aina mbili. Yupo kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya kompyuta juzijuzi, anataka "kujifunza kudukua". Na yupo mtumishi wa umma aliyehamia huku pamoja na wizara yake, ana miaka kadhaa kwenye kitengo cha TEHAMA, anatafuta cheti kitakachomsaidia kupanda daraja. Wote wanakaribishwa. Ila wote huulizwa swali lilelile, na wengi hukwama hapo: unataka kuchunguza nini?

Tuanze na huko kudukua. Maabara zipo, na mwanafunzi atavunja mifumo kweli, lakini ni ya mazoezi, iliyowekwa kwenye kompyuta pepe, yaani zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, zisizogusa mtandao wa nje. Ufundi huo peke yake unaweza kuupata kwenye kozi fupi, au hata kwa kujisomea usiku ukiwa na bando la kutosha. Uzamili unakudai zaidi ya hapo. Unakudai ueleze kwa nini mfumo ulishindwa, uthibitishe maelezo yako, kisha useme ni kinga gani ingefaa na ingegharimu nini.

Mfano unaofaa kufundishia ni wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016. Wezi waliingia kwenye kompyuta za benki hiyo, wakatuma maagizo ya malipo kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kutumiana maagizo ya fedha, kwenda Benki ya Hifadhi ya Marekani tawi la New York, ambako Bangladesh ilikuwa na akaunti. Maagizo yalikuwa ya karibu dola milioni 951. Mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu jina la mpokeaji lilikosewa herufi na benki iliyokuwa njiani ikaulizia. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na nyingi zikapotelea kwenye kasino.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma kisa hicho anaona virusi vya kompyuta. Wa uzamili anatakiwa aone zaidi. Kulikuwa na printa iliyopaswa kuchapa taarifa za miamala usiku kucha, ikakutwa haifanyi kazi Ijumaa asubuhi, na wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kawaida. Kulikuwa na kalenda pia: wizi ulianza Alhamisi usiku, wakati Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Jumapili New York imefungwa, Jumatatu Ufilipino walikuwa na sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Hakuna programu ya kuzuia virusi inayojua sikukuu za Manila. Nani alipaswa kuwa zamu? Printa ikifa, nani apigiwe simu, na ndani ya muda gani? Maswali hayo yamo ndani ya usalama wa mtandao sawasawa na nenosiri, na kwa maoni yangu ndiyo yanayosahaulika zaidi katika ofisi zetu.

Masomo ya darasani hutofautiana kati ya chuo na chuo, lakini mengi hayakwepeki: usalama wa mitandao, usimbaji wa taarifa (kuzigeuza zisisomeke na asiyehusika), usimamizi wa vihatarishi, sheria, uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, na mbinu za utafiti. Hesabu zipo, tusidanganyane. Mfumo wa usimbaji uitwao RSA, wa mwaka 1977, unasimama juu ya namba tasa, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vipya vya usimbaji kwa ajili ya siku ambayo kompyuta za kwanta (quantum) zitaweza kuivunja RSA. Aliyeikimbia hesabu tangu kidato cha nne atatoka jasho, lakini atavuka akikaa nayo.

Somo la ushahidi ndilo huwashtua wengi. Mwanafunzi anapewa nakala ya diski. Kabla hajafungua faili lolote anakokotoa alama ya nakala hiyo kwa SHA-256, kanuni ya hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, anauandika kwenye fomu pamoja na saa na jina lake. Mwalimu anachukua nakala nyingine, anafuta nukta moja tu ndani ya barua, anaihifadhi, anasema: kokotoeni tena. Mfuatano wote unabadilika, haufanani na wa kwanza hata kidogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini wakili wa upande wa pili atauliza uliutunzaje, nani aliushika, na utajuaje haukuguswa. Ile fomu ndiyo jibu lako. Ndiyo maana mwanasheria, mkaguzi wa hesabu au askari mpelelezi anaweza kufanya vizuri sana katika fani hii endapo programu aliyoichagua inampokea.

Sasa turudi kwenye swali la utafiti, maana hapo ndipo muda wa watu unapopotelea. Madarasa huisha kwa ratiba. Tasnifu haina kengele.

Wengi huja hivi: "Dokta, nataka kufanya utafiti kuhusu uhalifu wa mtandaoni Tanzania." Hilo ni jina la kabati, ndani yake kuna mafaili mia. Chukua faili moja. Kila mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaambiwa tuupeleke kwenye namba 15040, na tupige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Vizuri. Lakini je, programu inaweza kuutambua ujumbe wa kitapeli wa Kiswahili kabla haujasomwa? Kiswahili cha matapeli kina vifupisho, kina makosa ya makusudi, kinabadilika kila baada ya muda. Vichujio vingi vilifunzwa kwa Kiingereza. Hapo una swali linalopimika: unakusanya ujumbe, unafundisha kichujio, unahesabu kinanasa mangapi ya kitapeli kweli na kinasingizia mangapi yasiyo na hatia.

Ujumbe uleule unazaa utafiti mwingine usio na hata mstari mmoja wa msimbo. Kaa na mawakala wa pesa kwa simu pale Soko la Majengo. Mteja anaonyesha ujumbe wa muamala, foleni ni ndefu, jua ni kali. Wakala anaangalia nini kabla ya kutoa fedha: salio lake, jina la mtumaji, au sura ya mteja? Ukilijibu hilo kwa utaratibu, kampuni ya simu inaweza kubadilisha muundo wa ujumbe wake. Mimi nauona utafiti wa aina hii kuwa na thamani sawa na ule wa kichujio, ingawa wanafunzi wa kompyuta huudharau mpaka waujaribu.

Dodoma ina faida yake hapa. Wizara ziko Mtumba, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake makuu hapa, na halmashauri za mkoa huu zinakusanya mapato kwa mifumo ya kielektroniki. Tatizo la kutafitiwa haliko mbali. Kilicho mbali ni ruhusa. Barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, halafu inasubiri mkuu wa kitengo arudi safari. Anza mapema, ikiwezekana wakati madarasa bado yanaendelea.

Na usijaribu njia ya mkato. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na "nilikuwa nafanya utafiti" si idhini. Pata ruhusa ya maandishi inayotaja mfumo gani, siku zipi na majaribio yapi. Kuhusu taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakugusa hata wewe mwanafunzi: omba ridhaa, ondoa namba na majina, usikusanye usichokihitaji. Ule mkusanyiko wa SMS usiishie kwenye flashi iliyosahaulika stesheni.

Mengine ni mafupi. Udahili wa uzamili kwa kawaida hudai shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7, aliyesoma nje apate kwanza utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Muda ni miezi 18 hadi 24 kwa wengi, na mwajiriwa aombe ruhusa ya masomo kabla ya kulipa ada, si baada. Vyeti vya kitaaluma kama CISSP, cheti cha kimataifa cha wataalamu wa usalama wa taarifa, ni suala jingine: CISSP kinadai uzoefu wa kazi wa miaka mitano, na shahada inaweza kupunguza mwaka mmoja tu. Ukiwa tayari kazini na unachotaka ni ajira ya ukaguzi au usimamizi, huenda cheti kikakufaa kuliko uzamili. Ukitaka kufundisha, kutafiti au kuendelea na uzamivu, cheti hakitakufikisha.

Unapokuja kumwona msimamizi, usibebe andiko la kurasa arobaini. Lete ukurasa mmoja: mfumo gani, nani anaumia ukiharibika, data utaipata wapi, na nani atakusainia barua. Kama mstari huo wa mwisho bado ni mtupu, njoo hivyohivyo, tuujadili kwanza.