Taa za baiskeli: tunayoaminishana na yaliyoko barabarani

"Nikiliona gari, na dereva ameniona." Hii ndiyo dhana mama, na wanaoishikilia ni watu wazima na akili zao. Wewe macho yako yameshazoea giza, na gari linakuja na taa mbili kali, utaachaje kuliona? Dereva anachungulia kwenye kioo chenye vumbi, huku taa za lori linalokuja zikimpiga usoni. Kwa taa za chini, aliyevaa nguo nyeusi juu ya lami huonekana zikiwa zimebaki mita hamsini hivi, mara nyingi pungufu. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Piga hesabu.

"Nina kizibao cha kung'aa, kinatosha." Mchana, sawa. Rangi ile hung'aa kwa kunyonya miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga. Jua likizama imekwisha kazi, na huku kwetu jua la saa 12 na nusu halina jioni ndefu: saa 1 ni giza. Inabaki mikanda ya rangi ya fedha, inayorudisha mwanga kule ulikotoka. Ni mizuri sana, ila haiwaki yenyewe: ukitokea kichochoroni, taa za gari hazijakuelekea, mkanda ni kitambaa tu. Na kama ni mmoja, ufunge kifundoni, si kifuani. Kitu kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa pedeli, dereva hukitambua upesi kuwa ni mtu.

"Taa ya nyuma ninayo." Ndiyo, iko chini ya tandiko, na nyuma yake kuna gunia la mkaa. Nami nisijifanye mjuzi: koti langu la mvua lilining'inia kwenye keria wiki kadhaa likiwa limefunika taa inayowaka vizuri kabisa. Niligundua siku niliyoiegemeza baiskeli ukutani na mzigo wake, nikarudi nyuma hatua thelathini, nikachuchumaa usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Sikuona chochote chekundu. Mzigo ukiwa mkubwa, taa ifungwe kwenye mzigo.

"Lumeni nyingi ndiyo taa nzuri." Lumeni hupima mwanga wote unaotoka, haisemi unaangukia wapi. Tochi ya mwanga wa duara humwaga mwingi mitini na machoni pa anayekuja. Ujerumani sheria haitaki taa ya baiskeli impofushe mwenzako, hivyo mwanga wake hukatwa kwa juu kama wa gari, na dainamo ya volti 6 na wati 3 tu huangaza njia vizuri. Kuhusu betri zile za taa zilizoandikwa mAh 9,900 ubavuni (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa): seli nzuri ya 18650, ile betri ya mviringo ya kuchaji, huzungukia 3,500. Zinazozidi hapo ni wino tu.

"Taa ya kupepesa inaonekana zaidi." Inavuta jicho, hasa mchana. Usiku kwenye giza dereva hushindwa kukisia uko umbali gani, kwa hiyo moja iwake bila kukatika. Na wenye dainamo za zamani, ukisimama kwenye makutano taa inazimika, wakati huohuo magari yanakujia mgongoni. Bandika kitaa chekundu cha betri kwenye madigadi ya nyuma.