Nimeshampa maziwa

Juzi simu imelia saa tano kasoro usiku. "Dokta, mbwa anatetemeka, mate yanamtoka, nadhani kala sumu." Kabla sijauliza chochote, sentensi ya pili ikaja, ileile ya siku zote: "Lakini nimeshampa maziwa."

"Kiasi gani, mama?"

"Pakiti mbili. Alikuwa anakataa, ikabidi kijana amshike mimi nimmiminie."

Sumu tuliimaliza usiku uleule kwa dawa ya atropini. Maziwa yalinichukua siku 9. Mbwa mwenye degedege hamezi, kwa hiyo kinachomiminwa mdomoni kinashukia kwenye mapafu, na maziwa ndani ya mapafu ni nimonia. Mwenye mbwa alilipia dripu na antibayotiki za wiki nzima kutibu huduma yake ya kwanza.

Nimechoka. Naandika ili mara nyingine nitume kiungo badala ya kugombana na mtu usiku.

Maziwa hayaui sumu. Nyingi ya sumu ninazokutana nazo hapa Dar ni oganofosfeti na kabameti: dawa za wadudu wa bustanini, dawa za kupe, na zile chenga zisizo na lebo za wauza dawa ya panya, mende na kunguni wanaopita mitaani na spika. Hizo pia ndizo wezi hupaka kwenye nyama wanayorusha ukutani. Zinakizuia kile kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamrisha mwili, basi tezi na misuli inaamrishwa bila kupumzika: mate, machozi, mkojo, kuhara, mboni kusinyaa kama ncha ya sindano. Kinachoua ni pumzi, maana njia za hewa hujaa ute na misuli ya kupumulia huchoka. Niambie maziwa yanaingia wapi hapo. Tena nyingi ya dawa hizi huyeyuka kwenye mafuta, na maziwa yana mafuta, kwa hiyo yanaweza kuisaidia sumu kuingia mwilini. Ndugu zangu wa Kigoma mnaotumia mawese badala ya maziwa, hili linawahusu mara mbili.

"Lakini Dokta, mwaka jana nilimpa na akapona." Najua. Hapo ndipo penye mzizi wa imani yote, na ndipo ninapoomba subira yenu.

Chukua sumu ya panya ya vidonge vya rangi, ya kundi la brodifakumu. Haiui leo. Inazuia ini lisitumie tena vitamini K, na damu inaendelea kuganda kwa akiba iliyopo. Mbwa anakula Jumatatu, Jumanne anacheza, Jumatano anamfukuza paka. Umempa maziwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatano unasimulia kibarazani kuwa maziwa ni kiboko. Alhamisi au Ijumaa anaanza kuhema, fizi nyeupe, damu imejaa kifuani. Akifa, mtu anasema "alipata homa ghafla." Maziwa yamebaki na sifa zake. Mbwa huyohuyo angeletwa Jumatatu tungemtapisha, na vitamini K1 kwa wiki 3 hadi 4 ingemvusha. Sindano moja haitoshi, maana sumu inakaa mwilini muda mrefu kuliko subira ya mteja.

Halafu kuna ile ya unga wa kijivu, fosfidi ya zinki. Hii ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi ya fosfini. Chakula chochote, maziwa yakiwemo, huchochea tindikali. Kwa hiyo mwenye huruma anaharakisha kifo kwa mkono wake mwenyewe. Matapishi ya mbwa huyo yananuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, nami huyashughulikia nje kwenye upepo, kwa sababu gesi hiyo haibagui mbwa na daktari. Ukimleta garini, fungua vioo.

Nikiri kitu kabla wenzangu hawajanishukia. Mbwa aliye macho kabisa, anayemeza vizuri, aliyelamba kitu kinachounguza mdomo kama dawa ya choo, maji au maziwa kidogo yanaweza kusaidia kukipunguza makali. Na sina shaka kuna mbwa ambaye maziwa mengi yalimtapisha kwa bahati, akatoa sumu, akapona. Siwezi kukuambia ni wangapi. Lakini kwa simu ya usiku siwezi kujua kama mbwa wako ni huyo, na wewe huwezi pia.

Mengine haraka. Maji ya chumvi: hapana, chumvi yenyewe huua mbwa. Mkaa wa jikoni uliotwangwa: si sawa na mkaa wa dawa, unachafua tu zulia. Mayai mabichi: mpikie mlinzi. Kumtapisha nyumbani mbwa anayetetemeka: usithubutu. Diklofenaki kwa sababu anachechemea: utamtoboa tumbo na kumharibu figo. Pilau la jana lenye kitunguu cha kutosha: kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, na haijalishi kimepikwa.

Ninachotaka ni kitu kimoja: leta chupa. Leta pakiti, kifuniko, hata kipande cha lebo. Watu wananiambia "ni dawa ya kupe, Dokta" kana kwamba wamenipa jina. Duka la pembejeo lina dawa za kupe za jamii tofauti kwenye rafu moja. Mtu ananunua ya kuogeshea ng'ombe, anakoroga kwa macho, anaongeza kifuniko "maana kupe wa siku hizi wamezoea," kisha anamwogesha mbwa wa kilo 8. Ikiwa ni oganofosfeti, nakimbilia atropini. Ikiwa ni amitrazi, mbwa analegea, moyo unakwenda polepole, mwili unapoa, sukari inapanda, na atropini inaweza kumwongezea matatizo. Hiyo ina dawa yake nyingine, ambayo sina kila siku. Mboni hunisaidia kutofautisha, lakini si kila mbwa amesoma kitabu. Nimewahi kusimama na sindano mkononi, dakika nzima, nisijue. Chupa ya shilingi elfu chache ingenitoa jasho hilo.

Na sasa ile ambayo hakuna anayeipigia simu usiku, kwa sababu haina usiku wake. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mahindi yakiota ukungu tunasema "haya hayafai kwa watu, wapeni mbwa." Yanasagwa, yanapikwa na dagaa, kila siku, miezi. Mbwa ni dhaifu sana mbele ya aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, na kuipika hakusaidii. Kuvu linakufa, sumu inabaki. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi ya namna hiyo yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao, watu wazima na akili zao, na sisi bado tunayaita chakula cha mbwa.

Dalili ni kususa chakula, kutapika, kisha fizi na macho kuwa ya njano. Hapo ndipo dhamiri yangu hunisumbua. Mji huu umejaa kupe, na homa ya kupe nayo huleta manjano. Nikiona vimelea kwenye darubini, nalala vizuri. Nisipoviona, mara nyingi nimechoma sindano ya homa ya kupe hata hivyo, kwa sababu ndiyo ninayo na mteja anasubiri. Wangapi kati yao walikuwa wanakufa kwa dona, nami sikuuliza gunia limekaa wapi? Siku hizi naulizia gunia kwanza. Kupima unga maabara ni gharama ambayo wengi hawaitaki kwa ajili ya mbwa, kwa hiyo bado nakisia, ila nakisia vizuri zaidi.

Mnauliza pia zabibu, hasa mnaorudi na makasha kutoka Dodoma. Ndiyo, zinaweza kuua figo za mbwa. Mmoja anakula shada zima na hana habari, mwingine punje chache zinamlaza. Kwa miaka tulikariri bila kujua sababu. Mwaka 2021 madaktari wa Marekani walipendekeza kuwa mkosaji ni tindikali ya tataria, na baadaye zikaandikwa kesi za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, ambao umejaa tindikali hiyohiyo.

Ukwaju! Tunaoishi nao kwenye juisi, kwenye mchuzi, kwenye achari. Uani kwangu kuna mkwaju mkubwa kuliko nyumba, na mbwa wangu ametafuna makaka yake yaliyodondoka tangu akiwa mtoto. Vipimo vyake vya figo ni vizuri. Nimevirudia mara mbili mwaka huu. Sijui nimwite mwenye bahati au niseme ni kiasi tu. Wakati naendelea kuwaza, kila asubuhi kabla ya kumfungulia nachukua ufagio wa chelewa, nafagia uwanja wote.